Kwa Moja

Kibandiko kwenye kofia ya injini kimechubuka.
Jua la Juni, lile lisilojua kutua,
limekilamba miaka arobaini
likabakiza maneno mawili: kwa moja.
Ngapi kwa moja, baba?
Ngapi?

Kuskokwim umepasua barafu yake juzi.
Mapande makubwa kama nyumba yamepita yakisagana,
na sasa maji ni ya kahawia, mapana, yana haraka.
Samoni hawangoji mtu aanue matanga.

Dukani, Kapiton alinijibu kabla sijafunga mlango:
"Hamsini. Oili za siku hizi ni safi.
Galoni sita, nusu chupa, basi.
Ukizidisha unachoma pesa."
Pesa anazijua. Petroli kwake
huuzwa kama manukato.

Mjomba Evon hapimi.
Humimina kwa jicho, hutikisa dumu,
hulielekeza kwenye mwanga:
"Ikiwa kama chai ya mgonjwa, inatosha."
Mjomba Evon ana injini tatu nyuma ya nyumba,
zote zimenoki.
Mbwa wake huzalia chini yake.

Nami kunoki nakujua.
Nilikuwa na miaka tisa, injini ya kuazima,
petroli tupu, oili imesahauliwa ufukweni.
Kwanza mlio ulipanda, ukawa mwembamba,
kama mtu anayeimba juu ya uwezo wake;
kisha kishindo kimoja;
kisha mto peke yake.
Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania silinda
kama ulimi kwenye chuma cha Januari.
Tulielea hadi asubuhi, mbu wakitula,
baba akipiga kasia bila kumlaumu mtu,
na huko kutolaumu kukaniuma kuliko mbu,
maana chupa ya oili
nilipewa mimi niibebe.

Ukizidisha nayo, haya:
moshi wa buluu unaokufuata kama deni,
plagi imeota masizi,
injini inakohoa katikati ya mkondo
huku gogo lenye mizizi linakujia.
Kidogo huua mashine.
Kingi huizimisha pale usipotaka.

Chini ya kiti cha boti nikakuta gudulia la mayonezi,
na ubavuni mstari uliokwaruzwa kwa msumari.
Nikajaza oili hadi kwenye mstari,
nikaimimina kwenye chupa tupu ya Kapiton.
Si nusu. Si nzima. Robo tatu.
Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha ya rambirambi:
thelathini na mbili kwa moja.
Namba isiyo ya Kapiton wala ya mtu yeyote.

Labda alijua ringi zimelika.
Labda alipima uzito wetu, watoto watano na nyavu,
boti la alumini likipanda mto mchana kutwa.
Labda siku ile mkono uliteleza tu,
na sisi tukaishi juu ya kosa
miaka yote hiyo, tukashiba.

Nikachanganya kama alivyochora.
Oili kwanza, petroli kidogo, tikisa,
ndipo iliyobaki.
Nikavuta kamba mara kumi na moja.
Ikawaka kwa matusi.
Nikaenda hadi kisiwa cha mierebi, nikazima,
nikafungua plagi: nyeusi, imelowa.

Dumu la pili nikapunguza upana wa kidole.
Kidole changu, ambacho ni chembamba kuliko chake.
Plagi ikatoka kahawia,
rangi ya ganda la mkate.
Nikaishika mkononi hadi ikapoa.

Msumari ule ule, gudulia lile lile:
nikakwaruza mstari wangu chini ya wake.
Wa kwake sikuugusa. Injini ikizeeka zaidi
huenda nikaurudia.

Jioni Mjomba Evon alikuja, hakuulizwa,
akainua dumu langu kwenye jua,
akafumba jicho moja.
"Chai," akasema.
"Ila imekolea."