Ndoo Mbili, Ilazo

Nyemo karudi shule na somo: ndoo mbili mlangoni,
moja ya maganda, moja ya chupa.
Nikakubali. Nikaziandika kwa chaki.
Jumanne likaja kirikuu la taka,
kijana akazimimina zote mbili pamoja
akanirudishia: "Elfu tatu, mama."

Toka hapo nikaacha.
Taka zikishavuka geti si zangu,
ndivyo tulivyo mtaa mzima:
tuna vigae, tuna kamera,
na nyuma ya ukuta hatuna macho.

Lakini upepo wa Agosti, hapa Dodoma, hauna adabu.
Unapekua. Unabeba.
Asubuhi nikakuta, juu kwenye miiba ya mgunga,
bahasha ya dawa za presha
yenye jina langu kwa wino wa bluu,
inapepea kama bendera ya ofisi.

Sechelela ndiye aliyeitungua.
Hupita alfajiri na kiroba, kabla ya gari,
chupa huziuza kwa kilo kule Majengo.
Akaipangusa vumbi kwanza, ndipo akanipa.
"Umetupa na vidonge sita ndani.
Na binti hali mchicha,
anaufunga kwenye karatasi za daftari."

Mume wangu hajui hayo. Daktari hajui.
Nikabaki nimeshika geti.

Kesho yake nikazitoa tena zile ndoo.
Mazingira sikuyafikiria, nisiseme uongo.
Kirikuu bado linachanganya,
elfu tatu bado ni elfu tatu.
Ila chupa, siku hizi,
nazisuuza.