Saa Nne Kamili

Studioni, mjini Łódź, wimbo ulichukua dakika nne na ushei.
Mimi ndiye niliyeurekodi. Nilimwambia Bogna:
piga ngoma kama mtu anayepanga vyombo
na mtoto amelala chumba cha pili.
Akatii. Siku tatu alitii.

Kisha ile Februari, kwenye karakana ya tramu,
baridi imeng'ata nyaya, mlinzi ameapa
saa nne kamili anakata umeme,
na nyimbo sita bado.
Bogna akagonganisha vijiti mara nne,
na hizo nne tayari zilikuwa zinakimbia.

Wiesiek alimeza nusu ya ubeti wa pili.
Gitaa la besi lilifika kwenye kiitikio likihema,
kama jamaa aliyekosa basi akalidaka kituo cha mbele.
Watu mayowe. Wakasema: huu ndio wenyewe!

Ninazo kanda zote mbili. Usiku nazisikiliza kwa zamu.
Ya studio haina kosa; kila kosa nililisugua kwa mikono hii.
Ila ndani yake mna pumzi moja ya Wiesiek,
kabla ya neno "mama",
ambayo kule karakanani haikupata nafasi.

Mwenda pole hajikwai, naam.
Lakini pale Bogna alipojikwaa,
kijiti kikamponyoka, akaendelea na kimoja,
ndipo ninapoinua kichwa, kila mara,
chai imepoa,

na sijui kama ninachokipenda ni wimbo
au yule mlinzi, kidole juu ya swichi,
aliyetazama saa yake
kisha akaifunika kwa mkono wa koti.