Mkia wa Jina

Msimu wa korosho, steshenari ya Somoe, Newala.
Karani wa ghala kachomeka flashi:
programu ya kujumlisha kilo, mkia wake nukta exe.
"Hiyo ya Windows," Somoe akasema. "Hapa ni Linux."
Karani akafuta mkia, akabandika nukta apk,
akaihamishia kwenye simu. Simu ikaguna, ikaitema.
Mbuzi ni mbuzi, hata umfunge kengele ya ng'ombe.

"Na zako zina mkia gani?"
Akatuonyesha: majina mafupi, butu,
hakuna nukta, hakuna kitu nyuma.
"Hizi haziulizwi ubini. Zinaulizwa ruhusa.
Herufi moja tu, x, nayo haikai kwenye jina."

Nikaipapasa kadi yangu mfukoni.
Shuleni niliandikwa Chilumba,
zahanati Kilumba,
daftari la ushirika Chirumba,
na malipo ya mwaka juzi bado yanamtafuta
mmoja wetu.

Karani ameomba kalamu.
Anahesabu nyuma ya boksi la karatasi,
magunia kumi na tisa, anarudia, kumi na nane,
foleni inasogea.