Robota Lisilo na Uzito

Barabara ya Nane, ghorofani, juu ya duka la vitenge,
saa nne usiku, feni inalalamika,
na robota namba 4417 limepita.
Halina uzito. Limepita.
Mbaruku kapiga simu kutoka bandarini:
"Programu yako imesema sawa, dada.
Huku mizani inatucheka."

Nafungua msimbo. Sharti lipo,
nililiandika kwa mkono wangu, mwezi wa Rajabu:
uzito usiachwe wazi,
singa zijulikane daraja.
Masharti ya kundi la Ghalani, yote macho.
Ila mlangoni nimemwita Safari,
na Safari kauliza yaliyo yake:
meli gani, bandari gani, mpokeaji nani.
Ya ghalani hakuyagusa. Angeyatoa wapi?
Nilimwandika bila mzazi.
Nikadhani kukaa faili moja ni undugu.

Mama alikuwa mpimaji wa mkonge, Pongwe.
Kabla ya robota kupanda, aligonga mizani
mara mbili, kwa kifundo cha kidole.
Alipofariki tuligawana: kaka shamba la Muheza,
Mwanaisha cherehani, mimi kanga doti moja
na redio bubu.
Kule kugonga hakuna aliyekuandika kwenye mirathi.
Juzi Mgandini, nanunua mchele,
mkono ukaenda wenyewe, ko, ko,
kwenye mizani ya watu.
Muuzaji kaniangalia kama nimemtukania baba.

Naongeza: Safari amrithi Ghalani.
Ni hilo tu, baada ya jina, kabla ya mabano.
Namwita tena Safari, yeye peke yake,
na nyuma yake anaingia mzazi asiyeitwa
na maswali yake ya kale.
Mekundu. 4417, uzito usiachwe wazi.
Mekundu. 4502.
4503, Mungu wangu.

Nageuza, nijaribu: namwita Ghalani.
Anakuja na yake, basi.
Mzazi hadaiwi meli ya mwanawe.
Mama hakuwahi kuulizwa nenosiri,
wala kwa nini binti yake
anakula chakula cha jioni saa sita.

Mbaruku bado yupo kwenye simu.
"Na haya yaliyokwisha kushuka, tuyafanyeje?"
Kifundo changu kiko juu ya meza.
Sijui kiligonga saa ngapi.
"Yapimeni," nasema. "Yote. Hata yale mnayoyaamini."