Funguo Thelathini na Moja

Mama yangu, Valdirene, anamiliki funguo thelathini na moja.
Hamiliki, anazibeba; ulimi umeteleza, niwieni radhi.
Zinaning'inia kiunoni, zinamtangulia koridoni kwa kelele,
na hakuna mlango wa Kitivo cha Udaktari usiomjua:
maabara, maktaba, ukumbi wa ngazi wenye viti mia mbili,
hata ofisi ya mkuu, na zulia lake linalokula vumbi
kama deni linavyokula mshahara.

Saa kumi na moja alfajiri yumo ndani.
Saa moja na nusu, wenye chuo wakianza kufika,
ameshatoka.
Kwa hiyo nilijua, kabla sijajua hesabu,
kwamba kuingia si kuhesabiwa.

Mtihani niliusomea jikoni, juu ya mashine ya kufulia,
kwa vitabu alivyookota mama pipani kila Desemba,
kurasa zimepigwa mistari ya manjano na mtu nisiyemjua
ambaye alichoka ukurasa wa mia na arobaini.
Kuanzia hapo nilikwenda peke yangu.

Wenzangu walikuwa na kozi ya matayarisho mjini Campinas,
yenye kiyoyozi na mwalimu wa kila somo.
Ada ya mwezi mmoja: mshahara wa mama
jumlisha wa Creusa wa zamu ya jioni,
na nauli bado.

Mwaka wa kwanza nilianguka kwa alama nne.
Mwaka wa pili, kwa moja na nusu.
Mwaka wa tatu mama hakuuliza kitu.
Aliniachia taa ya jikoni ikiwaka
na bili ya umeme akaificha chini ya mtungi wa gesi.

Jina lilipotoka, Jucineide Aparecida Teles,
nafasi za mgawo, wa sita kutoka mwisho,
shangazi aligonga sufuria dirishani mpaka mpini ukang'oka.
Mama aliketi.
"Ukinikuta koridoni," akasema, "usinisalimu.
Sikuonei haya. Sitaki
wakikutazama wewe wanione mimi."
Nikamwambia, mama, acha hizo.
Nikamwambia, nitakusalimu mpaka uchoke kuitikia.

Siku ya kwanza wanafunzi wa mwaka wa pili walitupaka rangi;
ndiyo desturi yao kwa kila aliyefaulu.
Kijani shingoni, nyekundu kwenye nywele,
na namba ya darasa letu kwenye paji langu la uso.
Nilicheka. Nisiseme uongo, nilifurahi:
mtoto wa bingwa wa moyo na mimi
tulikuwa na sura moja, iliyochuruzika,
na sakafu chini yetu ikawa kama shamba lililochinjiwa kasuku.

Ndipo nikasikia funguo.

Walikuwa wamemwongezea zamu, kwa ajili ya uchafu wetu.
Watu wakampisha vile umpishavyo paka.
Akadeki kijani, akadeki nyekundu,
akakamua, akasogeza ndoo,
akafika mbele ya viatu vyangu.
"Samahani, binti," akasema.
Na binti akainua mguu wa kulia,
kisha wa kushoto.

Ningeweza kusema rangi iliniingia machoni.
Haikuniingia.

Usiku, baada ya mabasi mawili,
alinikalisha kwenye kigoda, akachovya kitambaa
katika mafuta ya kupikia, akanisugua paji la uso
kimyakimya, namba baada ya namba.
"Ya sakafuni ilitoka upesi," akasema.
"Hii yako ndiyo ngumu."

Kesho yake nilipanda basi la kwanza, pamoja na wafagiaji.
Kitivo kilikuwa giza, mlango umefungwa.
Nikagonga kioo.
Nikamwona anakuja polepole, anakodoa macho, anasimama;
na mama yangu, asiyekosea ufunguo hata akiwa usingizini,
akakosea mara mbili.