Mnakwenda kwa Nani?

Barua za likizo zimetoka Alhamisi adhuhuri,
yangu na yake, siku moja, kwa kosa la karani.
Tangu tuhamie Sohari hatujapata siku tisa za pamoja:
mimi maabara ya hospitali, zamu ya usiku,
Sleyum bandarini na makontena yake.
Tunapishana mlangoni, mmoja anavua viatu
mwenzake anavaa.

"Twende," kasema.
"Wapi?"
"Popote. Ila iwe Jumapili."

Basi tumekaa chini, migongo kwenye kochi,
kiyoyozi kinakoroma kama mgeni aliyeshiba,
simu moja, chaji asilimia kumi na moja,
waya wake haupeleki moto mpaka upindwe na kushikwa.
Nimeushika mimi.

Tbilisi siku tatu. Istanbuli tatu. Sarayevo mbili,
na hiyo iliyobaki ni ya kulala, kasema yeye,
mtu anayepanga miji kama anavyopanga makontena,
zito chini, jepesi juu.
Mimi nataka na Batumi.
"Batumi kuna nini?"
Sijui. Nimelipenda jina.
Tiketi ilikuwa riali tisini na mbili;
tulipokwisha kubishana ikawa mia na kumi na nne.
Ubishi nao una nauli yake.

Pasi yangu imebakisha miaka. Yake, miezi sita na siku nne.
Siku nne hizo tumezihesabu mara mbili, kwa vidole,
kama watoto wanaongojea sikukuu.

Saa nne usiku ikalia simu ya mama yake, kutoka Barka.
Nani kamwambia?
Barka hawaambiwi. Wanajua.
"Mnakwenda kwa nani?"

Kwetu safari ina mtu.
Ina mgonjwa, ina mzazi aliyejifungua, ina maiti.
Bi Muzna kapanda ndege mara nane,
na mara zote huko mbele alikuwako wa kumpokea
au wa kuzikwa.
"Mji hauna mtu," kasema, "hodi mtapiga wapi?"

Sleyum akaniangalia. Mimi nikauangalia waya.
"Kwa Tahsini," akajibu. "Wa Sarayevo. Nilisoma naye Puna."

Hakuna Tahsini.
Lakini mama kauliza watoto wangapi,
ikabidi awe nao watatu, wa mwisho kifua kinamsumbua.
Kauliza mke je,
akaozwa papo hapo, mwalimu wa hesabu.
Kauliza nyumba,
hapo nikadakia mimi: iko kilimani, uani pana mtufaha,
tawi moja limeegemea dirisha la jikoni.
Sikujua nilikuwa nao wapi mti huo.

Ijumaa, kabla ya sala, mpwa wake kasimamisha gari nje.
Kopo la halwa nyeusi, ya zafarani, kilo tano, la Tahsini.
Na kichupa cha asali ya mkunazi
kimefungwa kwenye soksi kisivunjike:
cha yule mtoto.

Sasa Jumamosi usiku.
Sanduku, gurudumu moja bovu, limepanda mizani ya bafuni
na mizani inalikataa.
Nimetoa buti. Nimetoa pasi ya nguo, sijui niliitilia nini.
Sleyum katoa koti lake:
"Tutavaa lako kwa zamu."
Zamu tumezizoea.
Halwa haijatoka.

"Tutaila wenyewe," nimesema. "Benchi lolote, mji wowote,
kwa vidole."
"Na asali?"

Kiyoyozi kikazima, kikawaka.
Nimeirudisha soksi katikati ya mashati,
pale pasipogongwa na kitu.
"Hukumpa jina," nikamwambia. "Yule wa kifua."
Sleyum kapiga goti juu ya sanduku,
anavuta zipu kwa mikono miwili.
"Tutamwuliza," kasema, "tukifika."