Maji ya Mwachiro

Nimekaa barazani Kuze, duka la fundi cherehani limefungwa,
karatasi imelowa magotini kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Mvua imekatika sasa hivi. Kuta zatoa jasho.
Penseli nimeiacha nyumbani. Ukipiga mstari hapa
mtaa utakucheka: hakuna ukuta ulionyooka.

Kwanza anga. Brashi pana, maji mengi, buluu kidogo,
kahawia ncha ya ukucha. Nainamisha ubao,
naiacha ishuke yenyewe hadi kwenye roshani za mbao,
haijui pa kukoma. Nami sijui. Twenda.

Mwachiro apita na mkokoteni wa mitungi.
Ndiye aliyenijazia kikombe hiki.
"Shilingi tano," alisema. Kisha: "Basi, kunywa tu."
Sikumwambia kwamba si ya kunywa.

Namwahi kabla hajakata kona:
doa la kijivu, mgongo;
manjano, manjano, manjano, mitungi imelaliana;
gurudumu sikuligusa, ni karatasi tupu inayozunguka.
Shati lake lavujia ukutani.
Sizuii. Mvua nayo haikuzuiwa.

Huko juu Bi Shekue akamua leso,
tone ladondoka katikati ya anga yangu, chwa!
lafungua ua lenye kingo kama chumvi iliyokauka.
"Yalaa! Nimekuharibia, mwanangu?"
"Hukuharibu, Bi. Palikosa wingu."

Mwachiro amerudi, mitungi mitupu yagongana.
Ainama, atafuta.
"Mimi ni yupi?"
Namwonyesha. Anyamaza kama mtu ahesabuye chenji.
"Uso?"
Umeingia ukutani.
"Na mguu huu?"
Umekwenda na maji.

"Ajabu," asema. "Tangu alfajiri nasukuma maji
yasimwagike hata tone,
wewe kwa kikombe kimoja
umenimwaga mimi mzima."

Sina jibu. Nasuuza brashi.
Kikombeni mna chai ya rangi, kwa maana zote mbili.

"Lakini hili," aweka kidole kwenye ule weupe,
"hili ni langu. Lina pancha upande huu."
Rangi ya pembeni ilikuwa bado mbichi.
Alama ya kidole imebaki hapo,
mistari yake yote, imenyooka kuliko mtaa mzima.

Ameondoka, anapiga mluzi kuelekea bombani.
Jua limechomoza. Karatasi yaanza kukauka pembeni.
Nasubiri, mikono juu, nisiiguse:
katikati bado mtaa unatembea.